Mtende Uliofungwa Ukiwa Umelowa

Jumamosi, 9 Novemba

Leo Bibi Geesje amenikabidhi ufunguo wa nyumba yake. Kesho anaondoka na gari lake la kulala kwenda Hispania, kama wastaafu wengi wa hapa Groningen, na hatarudi mpaka katikati ya Aprili.

Nimekuwa nikienda kwake kusoma baada ya shule tangu nina miaka tisa. Kwetu kuna wadogo zangu mapacha wa miaka mitatu ambao hawajui maana ya kunyamaza, na nyumba yake iko jirani kabisa. Yeye haniulizi kitu. Alikuwa dereva wa basi kwa miaka thelathini na moja, na anasema maneno ya abiria aliyosikia yanamtosha.

Safari hii ameniachia na mtende pia. Tunauita mtende ingawa haujatoa tende hata moja: ni ule wa milima ya Uchina, wenye majani kama pepeo, unaovumilia baridi. Una mita tatu na nusu. Hakuna mrefu kama huo mtaani, hata ile minne ya Mzee Harm, jirani yake wa upande wa pili.

"Harm ataufunga kama kila mwaka," aliniambia. "Wewe uwe unautazama tu. Una macho mazuri wewe." Kisha akacheka. "Ukifa huu, binti yangu, nauza nyumba nabaki kulekule kwenye jua. Kitu gani kingine cha kunirudisha kwenye matope haya?"

Mimi sikucheka. Mama aliniambia kwamba mwezi uliopita Bibi Geesje alikwenda kwa dalali kuulizia bei ya nyumba.

Jumapili, 10 Novemba

Ameondoka saa mbili asubuhi. Alipiga honi mara tatu kwenye kona.

Jumanne, 12 Novemba

Nimesoma mambo ya mitende tangu nilipotoka shule mpaka chakula cha jioni. Nilidhani adui ni baridi. Kumbe mti huu unaweza kustahimili hata nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri kwa muda mfupi. Mingi huuawa na maji yanayokwama katikati ya taji, pale majani mapya yanapozaliwa. Yakikaa pale wiki nzima bila hewa, kuvu huingia na kuozesha moyo. Na mtende una moyo mmoja tu. Ukikatwa au ukioza, hauchipui pembeni kama mti wa tofaa.

Nimeandika kwenye kadi na kuibandika juu ya meza yangu: usifunge mti ukiwa umelowa, acha hewa ipite, zuia mvua kwa juu, usizuie hewa pembeni.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua, siku ya nne.

Jumamosi, 16 Novemba

Nataka kuandika jambo hili lote, kwa sababu nina aibu.

Mzee Harm hufunga mitende Jumamosi ile Sinterklaas, mzee wa kuwaletea watoto zawadi, anapowasili kwa meli. Huanza saa mbili asubuhi ili amalize kabla watu hawajaenda mferejini kumpokea. Amefanya hivyo miaka kumi na mingapi sijui, na siku hiyo haisogei, inyeshe isinyeshe. Leo ilikuwa imekoma kunyesha kwa saa moja tu. Aliponiona nimesimama uani kwa Bibi Geesje akaniita nikashike ngazi.

Aliyakusanya majani yote juu na kuyafunga kamba kama mwavuli uliokunjwa. Alipoyabana, maji yalimwagika mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko, akajipangusa kwenye suruali. Akazungusha kamba ya taa kwenye taji, halafu plastiki ile yenye vipovu vya hewa, mizunguko minne, halafu kitambaa cheupe. Kamba ya taa ni mpya. Alinionyesha boksi kwa fahari: haili umeme, alisema, ile ya zamani ilikuwa kama kuacha jiko linawaka miezi mitatu.

Nilikuwa nimeshapanga sentensi yangu tangu juzi. Nikaisema: labda tungengoja ikauke kwanza.

"Unasemaje huko chini?" aliuliza.

"Hakuna."

"Haya, nipe gundi."

Nikampa utepe wa gundi. Ndivyo ilivyokuwa. Alipomaliza mtende ulionekana kama mtu aliyefungwa bandeji kichwani, na ndani yake kulikuwa na maji ya siku nne. Nilijua. Nilishika ngazi tu.

Jumatano, 20 Novemba

Mtihani wa Kijerumani. Mvua ya mawe kidogo.

Alhamisi, 5 Desemba

Mapacha wamekula pipi mpaka mmoja akatapika kwenye kiatu cha Baba. Bibi Geesje ametuma picha ya mlima na kuuliza mtende unaendeleaje. Nimemtumia picha ya bandeji. Sikuandika neno.

Jumapili, 15 Desemba

Leo niliingiza mkono chini ya kitambaa na plastiki niguse kamba ya taa. Inang'aa vizuri sana, mtaa mzima unaisifu, lakini ni baridi kama kijiko. Hapo ndipo nilipoelewa. Kamba ya zamani ilikuwa na balbu zile zinazochoma vidole. Haikuwa pambo. Ndiyo iliyokuwa ikikausha unyevu wote, kila mwaka, na Mzee Harm mwenyewe hakujua. Alidhani plastiki ndiyo inayouokoa mti. Sasa amebana umeme, na ndani hakuna joto la kukausha chochote.

Mkono ulitoka umelowa.

Jumatano, 1 Januari

Fataki mpaka asubuhi, barabara nzima ina karatasi nyekundu. Mama alinituma kwa Mzee Harm na sahani ya maandazi ya mwaka mpya, naye akanirudishia sahani ileile na maandazi yake, akisema ya Mama yana zabibu chache mno, ni ubahili wa watu wa jiji.

Nilitaka kumwambia habari ya taa. Lakini alianza kusimulia, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Zamani alikuwa na mitende sita aliyoipanda kutoka kwenye mbegu. Usiku mmoja baridi ikafika nyuzi kumi na saba chini. Hakuwa ameifunga, maana wakati huo hakuna aliyejua. Yote sita ikafa. Alikuwa ameipa kila mmoja jina, lakini hakunitajia. Aliyasema haya akiitazama sahani.

Nilikuwa namwona kama mtu anayependa kuamrisha. Leo nimeona ni mtu anayeogopa usiku ule. Hilo limefanya iwe vigumu zaidi kumwambia.

Jumanne, 7 Januari

Kuna harufu. Ukisimama upande upepo unakoelekea, unaisikia. Kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo.

Jumamosi, 11 Januari

Siku ya kuzaliwa ya Mzee Harm, sabini na mbili. Viti vimepangwa duara sebuleni, kila anayeingia anazunguka kuwapa mkono wote na kuwapongeza, hata wale wasio na undugu naye, kisha unakaa na sahani ya keki magotini na huwezi kutoka mpaka duara livunjike. Watu kumi na wanne. Mimi nilikuwa kati ya Mama na shemeji yake Harm.

Palipotokea ukimya mfupi, nilisema, na safari hii kwa sauti, "Mzee Harm, mtende wa Bibi Geesje unanuka."

Vikombe vilisimama hewani.

"Una hakika ni mtende?" shemeji yake akauliza. "Mimi niliketi karibu na Harm Krismasi nzima."

Wakacheka wote. Mzee Harm alicheka pia, lakini masikio yalikuwa mekundu. Nikaeleza, vibaya, kwa kuruka ruka: maji, hewa, kuvu, taa zisizo na joto. Nilipofika kwenye taa akaweka uma chini.

"Profesa," alisema, "mtu akitaka kulala nje kwenye baridi, avae koti, au asome kitabu kuhusu makoti?"

Wakacheka tena. Akasema Jumanne baridi itafika nyuzi nane chini, na anayeufungua mti sasa anauua kwa mkono wake. Utafunguliwa Machi kama kila mwaka. Kisha akamuuliza Mama kama anaongeza kahawa.

Njia ya kurudi kwetu ni hatua arobaini. Mama ni muuguzi. Mlangoni akaniuliza harufu ikoje hasa. Nikamwambia.

"Kazini kidonda kikinuka tunafungua," alisema. "Hatungoji Machi."

Jumapili, 12 Januari

Tulianza saa nne asubuhi, Mama akishika ngazi. Hakukuwa na upepo wala mvua. Nilikata utepe, nikafungua kitambaa, kisha plastiki. Kila mzunguko ulimwaga maji. Kwenye mzunguko wa mwisho plastiki ilikuwa na ukungu wa kijivu kwa ndani, kama manyoya, na majani yalikuwa na madoa meusi.

Katikati ya taji kuna jani jipya ambalo bado halijafunguka, limesimama kama mkuki. Vitabu vyote vinasema: livute taratibu. Likishika, moyo ni mzima. Nililishika kwa vidole viwili. Halikushika hata kidogo. Lilitoka lote, urefu wa mkono wangu, na chini lilikuwa kahawia na laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Nilibaki juu ya ngazi nalo mkononi. Mama akaniuliza mara mbili kama nimeumia.

Baada ya hapo nilifanya nilichosoma, maana mikono ilitaka kazi. Nilitoa kwa kijiko kila kilichokuwa laini. Nilinyonya maji kwa karatasi za jikoni, roli moja na nusu. Kisha nikamimina ndani ya shimo ile dawa ya kuoshea vidonda inayouzwa duka la dawa. Ilichemka povu jeupe, ikatoa sauti kama ya soda. Nikangoja, nikanyonya, nikamimina tena, mpaka povu likapungua.

Nilipogeuka Mzee Harm alikuwa kwenye uzio. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alilitazama lile jani lililolala kwenye nyasi, akatazama mti ulio wazi, na akasema neno moja tu, "Jumanne." Akaingia ndani.

Saa nane nilimpigia Bibi Geesje. Kwa kawaida namwandikia, kwa hiyo alipokea akiwa na hofu. Nikamwambia mambo yote kwa mpangilio. Nilisikia upepo wa huko kwenye simu.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Ningeweza kusema Jumanne iliyopita. "Siku unafungwa," nilisema. "Ulikuwa umelowa. Nilijua, na sikusema kwa sauti."

Nilisikia mlango wa gari lake ukifungwa.

"Haya," akasema. "Nimesikia. Kula chakula, Renske." Akakata.

Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya leo. Siku zote mimi ni binti yangu.

Jumanne, 14 Januari

Tatizo langu leo lilikuwa hili: mti uliofunguliwa lazima upate hewa, na baridi ya nyuzi nane inaingia kwenye kidonda. Niliweka juu ya taji paa la plastiki ngumu juu ya fito nne, ili umande na theluji visiingie, na pembeni nikatundika kitambaa cheupe kikiwa kimelegea, wazi kwa chini. Joto sikuwa nalo.

Saa kumi, jua likikaribia kuzama, Mzee Harm alikuja kupitia mlango wa nyuma akiwa na ndoo. Ndani ya ndoo ilikuwamo kamba ya zamani ya taa, ile yenye balbu, yenye vumbi la dari. Hakunitazama. Aliizungusha kwenye shina chini ya taji, akachomeka, akangoja, akaweka kiganja juu yake.

"Inachoma," alisema.

Nikamwambia asante. Akasema hiyo si asante, hiyo ni bili ya umeme ya Geesje, na akaondoka na ndoo yake.

Jumatano, 15 Januari

Nyuzi saba na nusu chini. Chini ya kitambaa, nyuzi mbili juu ya sifuri.

Alhamisi, 30 Januari

Nimemimina dawa mara ya nne. Povu halikutoka. Harufu imeisha.

Jumapili, 9 Februari

Majani ya nje yamekauka nusu, rangi ya kahawa ya maziwa. Wapita njia na mbwa wao wanasimama kutazama. Mwanamke mmoja aliniambia pole, kana kwamba kuna msiba. Bibi Geesje hajaandika tangu Januari. Nakwenda kusoma kwake kama kawaida, lakini nakaa jikoni, si kwenye kiti changu cha sebuleni.

Jumanne, 18 Februari

Theluji. Paa limeshika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechora mstari kwa kalamu nyeusi isiyofutika, kukatiza vikonyo viwili vya majani ya ndani kabisa, vilivyosimama bega kwa bega. Moyo ukiwa hai, kile cha ndani kitasukumwa juu na mstari utakatika. Ukiwa umekufa, mstari utabaki mmoja.

Jumamosi, 22 Machi

Mzee Harm amefungua mitende yake leo. Niliona kutoka dirishani, sikutoka. Baada ya saa moja aligonga mlango wetu wa nyuma. Alikuwa ameshika kitu kimefungwa kwenye gazeti, nikajua kabla hajakifungua. Mikuki miwili, kahawia chini. Miwili kati ya mitende yake minne.

"Profesa," alianza, kisha akaacha. "Renske. Ile dawa ya vidonda. Unamimina kiasi gani?"

Tulikwenda uani kwake. Niliongea nadhani nusu saa. Nilimwonyesha namna ya kukwangua bila kugusa sehemu ngumu, namna ya kunyonya maji, kwa nini paa na si plastiki. Aliuliza maswali kama mwanafunzi, na mara mbili nilimkatiza maneno bila kutambua. Alipochoka alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ile asubuhi ya Novemba," alisema. "Ulisema tungoje ikauke."

Nikasema ndiyo, lakini nilisema chini mno.

"Hapana. Nilikusikia." Alikuwa anasafisha kijiko kwa kidole gumba. "Nilitaka tu kumaliza kabla meli haijafika."

Miezi minne nimejilaumu kwa sauti yangu. Nilitaka kumkasirikia, nikaona nimechelewa, maana nilikuwa tayari nimemshikia tochi aone ndani ya mti wake.

Jumamosi, 5 Aprili

Mstari: mmoja. Milimita sifuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Sifuri. Jua, nyuzi kumi na nane. Mitende ya mtaa mwingine imeanza kuchipua.

Alhamisi, 17 Aprili

Bibi Geesje amerudi. Amekuwa mweusi wa jua na mwembamba. Aliegesha, hakuingia ndani, akaenda moja kwa moja uani. Majani saba yamebaki, yote nusu kahawia. Aliuzunguka mti mara mbili, polepole, kama alivyokuwa akikagua basi kabla ya safari. Mimi na Mzee Harm tulisimama pamoja kando ya uzio kama watoto waliovunja dirisha.

Mzee Harm alifungua mdomo. "Geesje, kosa ni la..."

"Nimechoka, Harm," alisema. "Nimeendesha siku tatu."

Akanigusa bega, akaingia kulala.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Bibi Geesje ameniambia bila kuzungusha, akimenya viazi. Dalali anakuja tarehe nane Mei kupima nyumba na kupiga picha. Aliniomba nisilie kwenye viazi. Alisema hanilaumu, wala Harm. Ila akiwa huko, baada ya simu yangu, alijiuliza anarudi kwa kitu gani, na jibu halikuja haraka.

Nilimwuliza kama ataniruhusu niendelee kuutibu mpaka tarehe hiyo.

"Fanya unavyotaka," alisema, na akanipa kisu kingine.

Jumamosi, 26 Aprili

Mstari umekatika. Nilifikicha macho nikatazama tena. Milimita mbili, labda mbili na nusu. Sikumwambia mtu. Milimita mbili zinaweza kuwa kope za macho yangu.

Alhamisi, 1 Mei

Saba. Mzee Harm amepanda ngazi na rula yake ya seremala, akasema ni saba, akashuka, akapanda tena.

Bibi Geesje alisema, "Vizuri." Hajaahirisha dalali.

Alhamisi, 8 Mei

Dalali alikuja saa tisa na nusu, kijana mwenye viatu visivyofaa kwa matope. Nilikuwa nimetoka shule. Alipima vyumba, akasifu mwanga wa sebule, kisha akatoka uani na kuona mtende. Aliuliza kwa adabu kama kile kisiki kitaondolewa kabla ya picha, maana wanunuzi huona kitu kama hicho wakadhani nyumba nzima haikutunzwa.

Mzee Harm, aliyekuwa upande wa pili wa uzio akijifanya anapalilia, alisimama wima. Lakini Bibi Geesje alinitazama mimi.

"Mwambie ni nini," alisema.

Nikamwambia. Nilianza na mvua ya Novemba na sikuficha kitu, si ngazi, si taa. Nilimpandisha kwenye ngazi na viatu vyake nikamwonyesha mstari uliokatika, milimita kumi na tisa, na katikati kabisa, ndani ya shimo, ncha ya jani jipya, njano hafifu, nyembamba kama njiti ya kibiriti, imetokea juzi. Nilimfanya aivute kwa vidole viwili.

"Imeshika," alisema, akashangaa kana kwamba ni yeye aliyeponyesha.

Aliposhuka alifungua daftari lake na kuuliza itachukua muda gani mpaka uonekane mzima, ili apange tarehe ya picha. Bibi Geesje alikuwa bado ananitazama. Nilijua jibu ambalo lingempa moyo: mwezi mmoja, mpaka majira ya joto. Nilijua pia jibu la kweli.

"Miaka miwili," nilisema. "Majani ya kwanza yatatoka mafupi na yamekatikakatika. Na kila baridi lazima mtu awepo kuutazama, maana kidonda bado kiko ndani. Ukifungwa vibaya mara moja tu, umekwisha."

Dalali aliandika: miaka miwili. Kisha akaacha kuandika.

Bibi Geesje alivuta pumzi kupitia puani, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kufunga milango ya basi.

"Basi umesikia, kijana," alimwambia. "Njoo baada ya miaka miwili."

"Na Hispania?" Mzee Harm akauliza kutoka kwenye uzio.

"Hispania imejaa watu wa Groningen wanaolalamikia mkate. Na wewe Harm, Novemba ukija na plastiki yako nitakufunga wewe."

Dalali alikunywa kahawa kwa haraka akaenda. Naandika haya nikiwa kwenye kiti changu, si jikoni. Itabidi niishie hapa, kwa sababu Mzee Harm anagonga kioo: wingu jeusi linatoka magharibi, paa liko chini kwenye nyasi pale nilipolitoa ili dalali aone, na ngazi inahitaji mtu wa kuishika. Bibi Geesje amemfungulia dirisha. "Safari hii shika wewe," amemwambia, "apande binti yangu."